Nasaba ya Thomas Lincoln na Nancy Hanks, Walowezi wa Kentucky: Uchambuzi wa Kisa

Mwezi Machi 1848, mbunge mmoja wa Illinois aliyekuwa akitumikia muhula wake wa pekee mjini Washington alikabidhiwa barua ya mtu asiyemfahamu, Solomon Lincoln wa mji wa Hingham katika Massachusetts. Mtu huyo alikuwa akikusanya habari za ukoo wa Lincoln, na alitaka kujua kama mbunge huyu wa magharibi alikuwa mmoja wao. Abraham Lincoln, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 39, alijibu tarehe 6 Machi kwa heshima, lakini hakuwa na mengi ya kueleza. Alisema kwamba baba yake ni Thomas. Kwamba babu yake aliitwa Abraham, jina lile lile alilopewa yeye. Kwamba babu huyo alihama kutoka kaunti ya Rockingham, Virginia, akaenda Kentucky yapata mwaka 1782, na miaka miwili baadaye akauawa na wenyeji wa asili. Na kwamba nyumbani kwao kulikuwa na masimulizi hafifu kuwa baba wa babu alitoka Pennsylvania na alikuwa wa dhehebu la Quaker. Nyuma ya hapo hakuwa amesikia neno. Sababu aliitaja mwenyewe: baba yake aliachwa yatima akiwa na miaka sita, katika umaskini na katika nchi mpya, akakua bila elimu yoyote, na kwa maoni ya mwana hilo ndilo lililomfanya ajue machache mno kuhusu ukoo wake.

Barua hiyo fupi inatupa kisa kizima cha kuchambua. Anayetafutwa si rais, kwa maana wakati huo hakuwa rais, bali ni jamaa ya walowezi wa kawaida: Thomas Lincoln, fundi seremala na mkulima, na mkewe Nancy Hanks, waliooana Kentucky, wakavuka mto Ohio na kuingia Indiana mwishoni mwa 1816, ambako Nancy alifariki na kuzikwa. Thomas aliendelea hadi Illinois mwaka 1830 na kufia huko Januari 1851. Umaarufu wa mwana wao uliwafanya watu watafute kwa bidii isiyo ya kawaida, na pia uliwafanya baadhi yao waseme uongo kwa bidii iyo hiyo. Lakini vikwazo vilivyomo katika njia ya kuwatafuta hawa wawili ni vile vile vinavyomkabili yeyote anayemtafuta mlowezi wa Amerika Kaskazini wa karne ya 19, na ndiyo maana nimeona kisa hiki kinastahili kuelezwa kwa kirefu.

Kikwazo cha kwanza ni nyaraka zenyewe. Sensa ya Marekani ilianza mwaka 1790, lakini hadi sensa ya 1840 liliandikwa jina la mkuu wa kaya tu, na wengine wote wakahesabiwa kwa safu za umri na jinsia. Ni mwaka 1850 ndipo kila mtu huru alipoandikwa kwa jina lake. Isitoshe, karatasi za sensa za Kentucky za 1790 na 1800 zimepotea, na za Virginia za 1790 pia, kwa hiyo miaka ileile ambayo Thomas alikuwa akikua haina sensa. Mchunguzi hulazimika kugeukia orodha za walipa kodi, hati za ardhi, wosia, na madaftari ya mahakama za kaunti. Nazo kaunti hazikutulia. Shamba la Sinking Spring alikozaliwa Abraham mwaka 1809 lilikuwa katika kaunti ya Hardin, na leo limo katika kaunti ya Larue, iliyoundwa mwaka 1843. Kaunti ya Berks, ambako babu alizaliwa mwaka 1744, haikuwapo hadi 1752. Asiyejua historia ya mipaka hii hufungua daftari sahihi katika mji usio sahihi, kisha akatangaza kwamba hakuna kitu.

Ni lazima niseme jambo jingine hapa kwa uzito wake. Katika kaunti hizo hizo za Kentucky waliishi maelfu ya watu waliokuwa watumwa, na katika orodha maalumu za watumwa za 1850 na 1860 watu hao waliandikwa chini ya jina la mmiliki kwa umri, jinsia na rangi tu, pasipo majina yao. Kwa wengi wao, sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwataja kwa jina. Ugumu wa kumtafuta Thomas Lincoln ni ugumu wa mtu maskini. Hawa walinyimwa hata nafasi ya kuandikwa kuwa maskini.

Turudi kwa babu. Mara baada ya kumjibu Solomon, Abraham Lincoln alifanya jambo ambalo mtafiti wa nasaba mwenye busara angelifanya: alimwuliza mbunge wa Virginia, James McDowell, aliyewahi kuwa gavana, kama anawajua watu wa jina la Lincoln huko Rockingham. McDowell alimpa jina la David Lincoln. Abraham akamwandikia, naye David akajibu. Na tarehe 2 Aprili 1848 Abraham aliandika tena kwa furaha inayoonekana kwamba sasa hapakuwa na shaka kuwa ami wa David, aliyeitwa Abraham, na babu yake yeye walikuwa mtu mmoja, kwa sababu David alieleza kwamba aliikuta familia ya marehemu katika kaunti ya Washington, Kentucky, mwanzoni mwa karne, na hapo ndipo walipokuwa wakiishi kweli. Hicho ndicho kiungo cha kwanza kilichothibitika, na tazama kilivyothibitika: si kwa kufanana kwa jina, bali kwa watu wawili wasiojuana kutaja mahali pale pale na watu wale wale.

Babu huyu, ambaye kumbukumbu humwita Kapteni Abraham Lincoln, aliuza shamba lake la Linville Creek katika Virginia na kununua haki za ardhi Kentucky. Katika hati moja ya 1780 ya ekari 400, karani aliandika jina lake Linkhorn, tahajia ambayo mtu wa leo akitafuta kwa herufi kamili hataifikia. Mwezi Mei 1786, si 1784 kama mjukuu alivyoamini, alipigwa risasi alipokuwa akifungua shamba msituni katika kaunti ya Jefferson, mbele ya wanawe watatu, Mordecai, Josiah na Thomas. Ardhi aliyokuwa akiifyeka ilikuwa imegawanywa kwa hati za Virginia bila ridhaa ya waliokuwa wakiitumia kwa uwindaji, na vita vya ardhi hiyo viliendelea kwa miaka mingi. Josiah alikimbia kutafuta msaada. Mordecai, aliyekuwa mkubwa wao, alichukua bunduki kibandani na kumwua mmoja wa washambuliaji aliyemkaribia Thomas. Mwaka 1854 Abraham alimwandikia ndugu mmoja wa ukoo kwamba kisa hicho ndicho kilichochapwa akilini mwake kwa nguvu kuliko vyote. Ni jambo la kusikitisha, na la kawaida sana, kwamba familia ilikumbuka kikamilifu dakika ya kifo na kusahau karibu kila kitu kilichotangulia uhai wa marehemu.

Kwa nini Thomas alikua maskini ilhali baba yake aliacha maelfu ya ekari? Jibu limo katika sheria. Kentucky wakati huo ilikuwa sehemu ya Virginia, na kwa sheria ya zamani ya Virginia, mtu akifa bila wosia ardhi yake ilikwenda yote kwa mwana wa kwanza. Bunge la Virginia lilikuwa tayari limepitisha mwaka 1785 sheria ya kuufuta utaratibu huo, lakini ilikuwa ianze kutumika tarehe 1 Januari 1787. Kapteni Abraham alikufa takriban miezi saba kabla. Mordecai akapata ardhi. Thomas, mtoto wa miaka minane, akakua kibarua wa kutangatanga, kama mwanawe alivyomweleza. Mtafiti anayeona kaka tajiri na mdogo fukara katika orodha ya kodi huweza kudhani kwamba hao si ndugu, au kwamba mdogo alikuwa mzembe. Orodha hizo hizo, zikisomwa kwa uangalifu, zinaonyesha kwamba Thomas alilipa kodi zake, alikuwa na farasi, na mwaka 1803 aliweza kununua shamba la ekari 238 huko Mill Creek, kaunti ya Hardin. Picha ya mvivu asiyefaa kitu, iliyorudiwa na waandishi wengi wa karne ya 19, haiungwi mkono na madaftari ya kaunti.

Juu ya mke wa Kapteni kulikuwa na ubishi. Kulikuwa na waliosema aliitwa Mary Shipley, na kwamba Bathsheba alikuwa mke wa pili au hakuwapo kabisa. Hati ya kuuza shamba la Virginia ina jina la mke aliyekubali mauzo, nalo ni Bathsheba, lililoandikwa kwa tahajia ya karani. Mke aliyewekewa jina lake katika mauzo ya ardhi mbele ya mahakama ana ushahidi wenye uzito kuliko mke aliyetajwa na vitukuu miaka 100 baadaye. Ukoo wake wa Herring wa Linville Creek unakubaliwa na wachunguzi wengi, ingawa hati hiyo yenyewe haitaji jina la baba yake.

Sasa tunafika mahali Abraham Lincoln mwenyewe alipokwama. Mwezi Desemba 1859, alipoombwa na rafiki yake Jesse Fell aandike maelezo mafupi ya maisha yake, alisema kwamba juhudi za kuwaunganisha watu wake na Walincoln wa New England, yaani eneo la kaskazini-mashariki lenye Massachusetts, hazikuzaa kitu cha hakika zaidi ya kufanana kwa majina ya kwanza katika familia zote mbili, kama vile Enoch, Levi, Mordecai, Solomon na Abraham. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi na kila mara namheshimu zaidi kwa ajili yake. Alikuwa mwanasiasa anayetajwa kwa urais. Familia ya New England ilikuwa ya heshima na ya kale. Aliyemwandikia kutoka Hingham alikuwa tayari kumkaribisha. Angeweza kudai undugu, na hakuna ambaye angemkanusha. Badala yake alisema ushahidi uliopo ni wa majina, na akaishia hapo. Aliyekuwa wakili kwa zaidi ya miaka 20 alijua tofauti ya ishara na ushahidi.

Majina, kwa kweli, ni mtego mkubwa katika kisa hiki. Miongoni mwa walowezi wa mwanzo wa Hingham walikuwamo wanaume wanne walioitwa Thomas Lincoln, na wenzao waliwatofautisha kwa kazi zao: msaga nafaka, mfumaji, fundi wa mapipa, na mkulima. Majina ya Biblia kama Abraham na Mordecai yalipendwa na maelfu ya Wapuritani. Ukiwa na Mordecai huku na Mordecai kule, una sababu ya kuendelea kutafuta, lakini bado huna undugu.

Kilichovuka pengo hilo ni mali, na kazi ilifanywa na wachunguzi wa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, baada ya Lincoln kufariki. David Lincoln na majirani wa Rockingham walijua kwamba baba wa Kapteni Abraham alikuwa John, aliyetoka Pennsylvania na kufika Linville Creek mwaka 1768. Katika Pennsylvania kulikuwa na wosia wa Mordecai Lincoln, aliyekufa mwaka 1736 katika eneo ambalo sasa ni kaunti ya Berks. Nyumba yake ya mawe ya mwaka 1733 bado imesimama. Wosia huo uliwaachia wanawe wadogo ardhi ya Pennsylvania, ukaweka sharti kwa ajili ya mtoto aliyekuwa bado tumboni, na mwana mkubwa John akaachiwa ekari 300 katika New Jersey. Kwa mtu wa kawaida hicho ni kifungu cha mirathi tu. Kwa mtafiti ni dhahabu, kwa sababu ardhi ya mbali sharti siku moja iuzwe, na anayeuza sharti aeleze aliipataje. Mwaka 1748 John aliiuza, na katika hati akajitambulisha kuwa mkazi wa kaunti ya Lancaster, Pennsylvania, mwana na mrithi wa Mordecai Lincoln marehemu. Hati moja ikataja baba, mwana, makazi ya mwana na ardhi iliyoko jimbo jingine.

Ardhi hiyo ya New Jersey pia ndiyo iliyoelekeza kaskazini. Mordecai alikuwa ameishi kaunti ya Monmouth kabla ya kuhamia Pennsylvania, alioa humo Hannah Salter, na katika makaburi ya zamani karibu na Allentown kuna jiwe la binti yao mdogo Deborah, aliyefariki tarehe 15 Mei 1720 akiwa na umri wa miaka mitatu na miezi minne. Jiwe hilo dogo ni ushahidi wa mahali na wa wakati ambao hakuna karani aliyetumwa kuuandika. Wazazi waliomzika mtoto ndio waliouacha. Huko nyuma zaidi, katika Scituate, Massachusetts, alikufa mwaka 1727 Mordecai mwingine, mhunzi na mwenye vinu, na wosia wake ukawataja wanawe Mordecai na Abraham, ndugu wawili ambao nyaraka za New Jersey na Pennsylvania zinawaonyesha wakinunua ardhi na kufua chuma bega kwa bega. Mordecai wa Scituate alikuwa mwana wa Samuel Lincoln wa Hingham. Kwa hiyo Solomon Lincoln hakukosea mwaka 1848. Alikosa tu karatasi.

Ukwekeri, kwa upande mwingine, ulipungua uzito kadiri nyaraka zilivyofunguliwa. Marafiki, kama Waquaker wanavyojiita na kama wanavyofahamika hadi leo magharibi ya Kenya, walikuwa watu wa kuandika kila kitu: ndoa, kuhama, hata makosa ya waumini. Katika madaftari ya mkutano wao wa Exeter, kaunti ya Berks, Anne Boone, wa ukoo wa Daniel Boone, mlowezi maarufu wa Kentucky, anaonekana akikemewa kwa kuolewa nje ya dhehebu. Na aliyemwoa mwaka 1760 ni Abraham Lincoln, yule mtoto aliyekuwa tumboni wakati wosia wa 1736 unaandikwa. Bwana arusi hakuwa wa dhehebu, ndiyo sababu ya karipio. Masimulizi ya familia yalikuwa na chembe ya kweli, kwamba Walincoln waliishi na kuoana na Waquaker, lakini kwa kupita vinywa vya vizazi vitatu ujirani uligeuka kuwa imani. Masimulizi ya mdomo mara nyingi hupotoka hivyo: hayazui kutoka hewani, bali husogeza kitu cha kweli hatua moja pembeni.

Kuhusu Samuel mwenyewe nitapita haraka. Alibatizwa Hingham, Norfolk, Uingereza, mwezi Agosti 1622, na mwaka 1637 alisafiri kwenda Massachusetts akiwa mwanagenzi wa mfumaji Francis Lawes. Orodha ya abiria ya Great Yarmouth inamwandika Samuell Lincorne, mwenye miaka 18. Ubatizo unaashiria takriban 15. Tofauti hiyo imewasumbua wengi kuliko inavyostahili, kwani kijana aliyetaka kupita mbele ya maofisa alikuwa na sababu ya kujiongezea umri, na pia watoto hawakubatizwa wote wakiwa wachanga. Baba yake Edward alikuwa mwana wa Richard Lincoln wa Swanton Morley, na inagusa moyo kuona kwamba Edward, mwana wa mke wa kwanza, hakurithi mali kuu ya baba yake, iliyokwenda kwa watoto wa mke wa mwisho. Kule Norfolk mkubwa alikosa. Kule Kentucky mdogo alikosa. Na kila mara aliyekosa ndiye ambaye uzao wake ulivuka kwenda nchi nyingine.

Upande wa Nancy ni mgumu zaidi, na ndipo nyoyo za watu zimeumia zaidi. Ndoa yake na Thomas ilifungwa tarehe 12 Juni 1806 na mchungaji Jesse Head wa Kanisa la Methodisti. Wakati wa uhai wa Lincoln watu walitafuta cheti hicho katika kaunti ya Hardin, ambako watoto walizaliwa, wasikione. Na mahali palipokosa karatasi pakajaa uvumi kwamba wazazi wake hawakuwahi kuoana. Lakini mwali huozwa kwao, si kwa mume. Nancy alikuwa akiishi kwa Richard Berry katika kaunti ya Washington, na hapo ndipo mwaka 1878 hati ya dhamana ya ndoa ya tarehe 10 Juni, iliyotiwa saini na Thomas na Berry, ilipopatikana katika ofisi ya karani, pamoja na orodha ya ndoa alizofungisha mchungaji Head. Binti wa kwanza, Sarah, alizaliwa Februari 1807, na Abraham Februari 1809. Miaka 13 baada ya mwana wao kuuawa, kashfa hiyo ilimalizwa na daftari lililokuwa limekaa kabatini muda wote.

Katika hati ile Berry alijiandika mlezi wa Nancy, na neno hilo lilifungua swali jingine: kama alihitaji mlezi, wazazi wake walikuwa nani? William Herndon, mshirika wa Lincoln katika ofisi ya uwakili, alisimulia kwamba yapata mwaka 1850, walipokuwa safarini kwenda mahakamani, Lincoln alimwambia kuwa mama yake alikuwa mtoto wa nje ya ndoa wa Lucy Hanks na bwana mmoja wa Virginia. Dennis Hanks, binamu aliyekua pamoja nao, alishikilia kwamba Nancy hakuwa Hanks bali Sparrow. Wengine, wakitaka kumsafisha, walimleta Joseph Hanks, aliyeandika wosia Januari 1793 katika kaunti ya Nelson na kumwachia bintiye Nancy mtamba aitwaye Peidy. Huyo, walisema, ndiye mama wa rais, binti halali wa baba halali, na mama yake akawa mmoja wa akina Shipley.

Nawaelewa waliofanya hivyo, lakini walimdhulumu mwanamke mwingine kwa kumfuta. Nancy wa wosia ule alikuwa mama mdogo wa Nancy mke wa Thomas, si mama wa rais: alimzaa Dennis, na baadaye aliolewa na Levi Hall. Lucy hatajwi kabisa katika wosia wa Joseph. Anatajwa kwingineko. Mwezi Novemba 1789 baraza la washtaki la kaunti ya Mercer lilimshtaki kwa uzinzi. Mwezi Aprili 1790 aliandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba ni mtu mzima na kwamba anaridhia Henry Sparrow achukue leseni ya ndoa. Na mwaka uliofuata wakaoana. Ndugu yake Henry, Thomas Sparrow, alimwoa Elizabeth, mdogo wa Lucy, na hao wawili ndio waliomlea Nancy. Kwa hiyo Dennis alikuwa na kitu cha kweli mkononi alipotaja Sparrow, kama vile Walincoln walivyokuwa na kitu cha kweli waliposema Quaker. Tofauti ni kwamba yeye alikisogeza kwa makusudi, ili kumhifadhi marehemu. Na ninapomtazama Lucy, simwoni mwanamke wa kuonewa aibu. Naona msichana aliyeitwa mahakamani peke yake, bila mwanamume yeyote kuitwa pamoja naye, na ambaye miezi michache baadaye alisimamia ndoa yake kwa saini yake katika nchi ambamo wanaume wengi walitia alama ya msalaba.

Uchunguzi wa vinasaba uliotolewa mwaka 2015 ulileta ushahidi ambao karatasi hazikuweza kuutoa. Vinasaba vya mitokondria hupita kutoka kwa mama kwenda kwa watoto wake, na binti pekee ndiye anayevipeleka mbele. Walipimwa wazao wa safu ya kike ya Lucy na wa mabinti wengine wa Ann Lee, mke wa Joseph Hanks, nao wakakutwa katika kundi moja adimu sana, X1c. Lucy, basi, alikuwa binti wa Joseph na Ann, na madai ya Shipley yakakosa mahali pa kusimama. Ni muhimu kusoma matokeo haya kwa mipaka yake. Nancy mwenyewe hakupimwa na hangeweza kupimwa kupitia wazao, kwa sababu binti yake pekee, Sarah, alifariki katika uzazi tarehe 20 Januari 1828, na safu yake ya kike ikakatika hapo. Hata ukoo wa Abraham uliisha mwaka 1985 alipokufa kitukuu wake wa mwisho. Vinasaba vilithibitisha mama wa Lucy ni nani. Kwamba Nancy ni binti wa Lucy bado kunategemea maneno ya Lincoln kwa Herndon, malezi ya akina Sparrow, na ukimya wa wosia wa Joseph. Ushahidi huo ninauona unatosha. Huyo bwana wa Virginia, hata hivyo, hayumo katika daftari lolote, na safu ya kike haimgusi mwanamume.

Nancy alikufa tarehe 5 Oktoba 1818 kwa ugonjwa wa maziwa, unaotokana na ng'ombe kula mmea wenye sumu, katika msimu ule ule uliowachukua Thomas na Elizabeth Sparrow. Mumewe alimfuata zaidi ya miaka 32 baadaye. Abraham hakwenda kumwona baba yake alipokuwa mahututi, wala hakuhudhuria mazishi, na wengi wamemlaumu kwa hilo. Lakini baadaye alikaa na Biblia ya nyumba ya baba yake, akaandika humo kwa mkono wake vizazi, ndoa na vifo vya jamaa: dada yake na tarehe yake, mama wa kambo na tarehe yake, yeye mwenyewe na tarehe yake. Alipofika kwa Thomas aliandika kwamba alifariki tarehe 17 Januari 1851, akiwa na umri wa miaka 73 na siku 11. Ukihesabu kurudi nyuma kutoka siku hiyo, unafika tarehe 6 Januari 1778, Virginia.